Kazi Inayokujibu

Mwaka 1982, katika mji wa Palo Alto jimboni California, mwanamke aitwaye Susan Kare alikuwa anachomelea vyuma. Jumba moja la makumbusho huko Arkansas lilikuwa limemwagiza sanamu ya nguruwe pori, tena nguruwe wa ukubwa wake kamili. Ndiyo, nguruwe. Kazi ilikuwa haijaisha simu ilipolia.

Aliyepiga ni Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu sekondari. Siku hizo Hertzfeld alikuwa mwandika programu katika kampuni ya Apple, na yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza kompyuta mpya ambayo ingeitwa Macintosh. Kompyuta nyingi za wakati ule zilitaka uziandikie amri kwa maneno, ubonyeze, halafu usubiri. Hii yao ingekuwa na picha ndogo ndogo ambazo mtu angezichagua kwa kipanya: picha ya karatasi, ya brashi, ya pipa la taka. Shida ni kwamba waandika programu walijua kuandika programu, kuchora hawakujua. Kwa hiyo Hertzfeld akamwomba rafiki yake awachoree, na malipo ya kuanzia yangekuwa kompyuta ya Apple II.

Kare alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa kutoka Chuo Kikuu cha New York, lakini picha ya kompyuta hakuwahi kuchora hata moja. Haikuwa neno. Hertzfeld alimwambia anunue daftari la karatasi za grafu, ahesabu miraba 32 kwenda kulia na 32 kwenda chini, kisha kila mraba ama auache mweupe ama autie weusi. Kare akaenda dukani, akalipa dola 2 na senti 50, akarudi na daftari lake.

Piga hesabu hiyo: 32 mara 32 ni 1,024. Hapana rangi, hapana kijivu, hapana kupaka kidogo ukingoni ili mstari ulainike. Una miraba 1,024, na kila mmoja una majibu mawili tu.

Sogea karibu sasa, uinamie lile daftari, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi hii imo humo ndani.

Kwenye miraba, mstari wa wima au wa kulala hauna taabu. Mstari wa mshazari unageuka ngazi. Duara ndilo balaa kabisa: ukilichora dogo linakuwa sanduku lililokatwa pembe, na inabidi ujaribu mara nyingi kabla jicho halijakubali kudanganyika. Chora uso. Weka macho mawili, kila moja miraba miwili ya kusimama. Weka mdomo wa miraba sita iliyolala. Uso huo umenuna. Ongeza mraba mmoja kila mwisho wa mdomo, ngazi moja juu, na mara uso unatabasamu. Ongeza tena mmoja mmoja, tabasamu linakuwa kicheko cha mtu anayekusimanga. Sasa shusha jicho la kushoto mraba mmoja tu. Aliyekuwa anacheka amekuwa mtu aliyetoka kupigwa ngumi.

Umeona? Kila mraba unaoujaza unasema kitu papo hapo. Huhitaji mwalimu akuletee alama wiki ijayo. Picha yenyewe inakujibu: ndiyo, au hapana, au karibu lakini bado.

Kare hakuona ugeni mkubwa katika kazi hiyo. Mama yake alikuwa amemfundisha kudarizi kwa kuhesabu nyuzi, na baadaye Kare amekuwa akieleza kwamba picha za kompyuta za miraba ni ndugu wa vigae vya mapambo na wa sindano na uzi, vitu vya kale sana. Washonaji wa kofia za viua huko Lamu na Unguja wangemwelewa bila mkalimani. Nao wanajua kwamba tundu moja likikaa si pake, ua zima linapinda.

Muda si mrefu Hertzfeld akamwandikia programu ya kuchorea. Upande mmoja wa skrini miraba ilionekana mikubwa, unabonyeza na mraba unageuka mweusi, unabonyeza tena unarudi mweupe. Upande wa pili picha ile ile ilionekana kwa udogo wake wa kweli, kama ukucha wa kidole gumba. Mkono unafanya kazi kwenye ile kubwa, jicho linahukumu kwenye ile ndogo. Sasa jibu likawa haraka kuliko hata penseli.

Mtu akikaa mbele ya kazi ya namna hiyo, kuna jambo humpata. Chai inapoa pembeni. Mtu akimwita anaitika "naam", lakini ukimuuliza ameambiwa nini hajui. Mgongo unauma na yeye hajui kama unauma. Saa nzima inapita kama dakika tano, na wakati mwingine kinyume chake, dakika moja ya kuamua mstari mmoja inarefuka hadi anauona kila unywele wake. Yule mtu wa ndani anayependa kuuliza "watu watanionaje?" amenyamaza. Amezama.

Nina hakika nawe limekupata, kama si kwenye kuchora basi kwenye mpira, kwenye kusuka nywele, kwenye kufungua redio mbovu ili uone kilichomo. Wakubwa wakapita wakasema, "Huyu mtoto hasikii." Walikosea kidogo. Masikio yalikuwapo, mwenyewe ndiye hakuwapo.

Mtu aliyelifuatilia jambo hili kwa maisha yake yote alikuwa na jina la kutisha: Mihaly Csikszentmihalyi. Usikimbie. Litamke Chik-sent-mi-ha-yi, polepole, na baada ya mara tatu utaliweza. Alizaliwa mwaka 1934 katika familia ya Wahungaria, kwenye mji wa bandari uliokuwa wa Italia wakati ule ukiitwa Fiume, ambao leo uko Kroatia kwa jina la Rijeka. Utoto wake uliangukia kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Akiwa mtoto alishikiliwa pamoja na watu wengine kambini nchini Italia, na huko akajifunza sataranji. Akagundua kitu cha ajabu: ubao ukiwa mbele yake, kambi na vita na njaa vilikaa kando. Vilikuwapo bado, ila havikumpata.

Alipofika umri wa miaka 22 alihamia Marekani, akasoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huko akawa anawatazama vijana waliokuwa wakisomea uchoraji kwenye Taasisi ya Sanaa ya mji huo. Kijana anasimama mbele ya turubai, anachora kama mtu aliyepagawa, hali, halali, hageuki. Halafu picha inaisha. Ungetegemea arudi nyuma hatua tatu, ajisifu. Wapi! Anaigeuza picha ielekee ukutani, anatafuta turubai nyingine tupu.

Hapo ndipo Csikszentmihalyi aliposhikwa na swali. Wanasaikolojia wengi wa wakati ule walieleza kila tendo kwa tuzo na adhabu: panya anabonyeza kitufe apate chakula, mtoto anasoma apate zawadi. Sasa huyu mchoraji, kama tuzo yake ni picha, mbona haitazami? Kama tuzo ni pesa, wengi wao hawakuwa na tumaini la kuuza hata moja. Ikabidi aseme kwamba tuzo imo ndani ya kuchora kwenyewe, wakati brashi inatembea.

Akaanza kuuliza watu wengine. Aliwauliza wapanda miamba, wacheza sataranji, wacheza dansi, watunzi wa muziki, madaktari wa upasuaji. Mwaka 1975 akatoa kitabu cha kwanza juu ya jambo hilo, na mwaka 1990 kingine kilichosomwa dunia nzima. Watu wale hawakufanana kwa lolote, lakini walieleza hali moja, na wengi wakasema ni kama kubebwa na maji.

Ukiyapanga maelezo yao, utaona kwamba kuzama hakuanguki kutoka mbinguni. Kunataka kazi yenye sura fulani. Kwanza ujue sasa hivi unatafuta nini. Si ndoto kubwa ya maisha, bali hatua iliyo mbele ya kidole chako. Kisha kazi ikujibu upesi, ujue kama umepatia au umekosea, kama uso ule wa miraba. Na la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, ugumu wa kazi ulingane na uwezo wako, uzidi kidogo tu. Ukizidi sana unaogopa. Ukipungua unapiga miayo. Njia iko kati ya woga na uchovu wa roho, na ni nyembamba, tena inasogea: kadiri unavyojua zaidi, ndivyo kazi ya jana inavyoanza kukuchosha.

Rudi kwenye lile daftari la Kare uone lilivyokuwa na bahati. Lengo lilikuwa wazi: mchoro huu umwambie mtu "tupa" bila neno hata moja. Jibu lilikuwa la papo hapo. Na ugumu ulikuwa umekatwa saizi, kwa sababu hata mtu mwenye shahada ya uzamivu, akipewa miraba 1,024 achore brashi yenye rangi inayodondoka, atatoka jasho, lakini hatakata tamaa.

Hapa nina ugomvi kidogo na walimu wa sanaa wanaoingia darasani na kusema, "Leo choreni chochote mnachotaka." Wanadhani wametoa uhuru. Tazama darasa: nusu wanatafuna kalamu, nusu wanachora nyumba yenye mlango katikati na jua kwenye pembe, kama walivyochora mwaka jana. Waambie wale wale, "Choreni tembo kwa miraba 1,024, mweusi na mweupe, na mtu asimdhanie kuwa nguruwe." Kelele zinakatika. Mipaka haikuwanyima kitu. Imewapa mahali pa kuanzia.

Sasa usije ukadhani mbunifu anakaa kitini, anavuta pumzi, na kuzama kunamjia. Mwanzo wa kazi ya ubunifu kwa kawaida ni mbovu. Ni kuzungukazunguka, kufungua vitabu na kuvifunga, kuchora kitu cha kijinga na kukikata. Vijana wengi huachia hapo, wakidhani hawana kipaji. Nitakueleza kwa nini hapo ndipo pa kung'ang'ania.

Miaka ya 1960, Csikszentmihalyi na mwalimu wake Jacob Getzels waliwaita wanafunzi 31 wa ile Taasisi ya Sanaa, mmoja mmoja, kwenye chumba chenye meza mbili. Juu ya meza moja kulikuwa na vitu 27 vya kila aina. Mwanafunzi aliambiwa achague anavyotaka, avipange kwenye meza ya pili, kisha achore. Watafiti wakakaa kimya wakitazama mikono.

Wako walioshika vitu vichache, wakavipanga haraka, wakaanza kuchora, na tangu hapo hawakubadili kitu. Kazi yao ilikuwa kuikamilisha picha waliyokwisha kuiona kichwani. Na wako wengine waliokuwa kama watoto sokoni. Walishika vitu vingi, wakavigeuza chini juu, wakavipima uzito, wakaangalia jinsi taa inavyopita. Walianza kuchora kisha wakasimama, wakahamisha kitu, wakaanza upya. Ukiwatazama ungesema hawajui wanachotaka. Na kweli hawakujua. Walikuwa wanakitafuta kwa mikono.

Michoro ikapelekwa kwa wajuzi wa sanaa waihukumu bila kujua nani alifanya nini. Iliyopata sifa ya upya zaidi ilikuwa ya wale wa pili, wenye kupapasa. Na watafiti walipowafuatilia miaka mingi baadaye, walikuta karibu nusu ya darasa lile wameacha sanaa kabisa, lakini kati ya waliodumu na kufanikiwa, wale wapapasaji ndio waliokuwa mbele.

Kwa hiyo kupapasa ndiko kunakotengeneza lile lengo ambalo kuzama kunalihitaji. Mtu hawezi kujibiwa na kazi kama hajaiuliza swali, na swali zuri halipatikani kwa kukaa mbali na vitu. Kare mwenyewe, kabla ya kwenda kwenye usaili wa Apple, alipita kwenye maktaba ya umma ya Palo Alto akabeba vitabu vya usanifu wa herufi, maana hakuwahi kubuni herufi. Aliajiriwa mwaka 1983, na kadi yake ya kazi ikaandikwa kwamba yeye ni Msanii wa Macintosh.

Kuna siku Steve Jobs, bosi wa mradi, aliona menyu za kompyuta ile zimejaa tufaha, nembo ya kampuni, kila mahali penye amri ya kibodi. Akakasirika: ni matufaha mengi mno, yanaishusha hadhi nembo. Kare akaombwa atafute alama nyingine, na upesi. Ungechora nini wewe kumaanisha "amri"? Kwato? Rungu? Kidole cha mwalimu? Kare hakubuni chochote. Alipekua kamusi ya alama, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akakutana na kialama kama mraba wenye vitanzi kwenye pembe zake nne. Huko Sweden kilitumika kuonyesha wageni mahali penye kitu cha kutazamwa. Kilikuwa rahisi kwa miraba, hakikufanana na herufi yoyote, na macho yalikikumbuka. Kimekaa kwenye kibodi za Apple tangu 1984 hadi leo. Kupekua kule kunaweza kuonekana kama uvivu kwa mtu anayepita mlangoni, kumbe ndiyo kazi.

Twende ndani ya kichwa kidogo, tusikae sana. Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun walichapisha jaribio lao juu ya wapiga piano sita wa muziki wa jazi. Waliwalaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa kinanda kidogo kisicho na chuma, maana mashine ile ni sumaku kubwa. Mara wapige muziki waliokariri, mara wabuni palepale. Walipobuni, sehemu fulani za mbele ya ubongo zinazohusika na kujisimamia na kujikosoa zilipunguza kazi, na sehemu nyingine, inayohusishwa na mtu kujieleza nafsi yake, ikaamka. Wapiga piano si wabunifu wa picha, lakini mtu aliyewahi kuzama atatambua habari hiyo mara moja. Yule mtu wa ndani, askari wa mlangoni, amelala.

Sasa fikiria vizuri. Askari akilala, wote wanaingia: wageni wazuri na wezi.

Hili ndilo watu wanaosifia kuzama hawapendi kulisema. Ukiwa umezama, kila unachofanya kinakupendeza. Utaandika shairi usiku wa manane uamini kwamba umezaliwa upya, na asubuhi ukilisoma utalitia mfukoni haraka kabla dada yako hajaliona. Raha ya kutengeneza haithibitishi kwamba kitu kilichotengenezwa ni kizuri. Mwingereza Graham Wallas, katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu namna mtu anavyofikiri, alisema wazo jipya hupita hatua nne: mtu hujiandaa, huliacha lichachuke lenyewe, hufunguka macho, na mwisho hulihakiki. Wengi tunaipenda ile ya tatu. Ya nne tunaikwepa.

Kare naye ana kisa chake. Kompyuta ile ilipokwama vibaya, ilihitaji picha ya kumwambia mtumiaji kwamba mambo yameharibika. Akachora bomu, la mviringo, lenye utambi unaowaka, kama la kwenye katuni. Waandika programu walikuwa wamemwambia kwamba watu karibu hawataliona kamwe. Ndani ya miraba 1,024 lilikuwa bomu zuri sana, dogo na la kuchekesha. Macintosh ikaingia sokoni Januari 1984, na kompyuta zikakwama, maana kompyuta hukwama. Kare amewahi kusimulia kwamba mwanamke mmoja alipiga simu kwa hofu, akiuliza kama mashine yake inakaribia kulipuka.

Sioni kosa la mchoro hapo. Mchoro ulijibu vizuri kwa aliyeuchora. Ila aliyeuchora alikuwa anacheka, na aliyeupokea alikuwa peke yake nyumbani na mashine ghali ambayo haielewi. Hakuna kuzama kokote kunakoweza kukuonyesha uso wa mtu huyo. Lazima uibuke, uende ukamwonyeshe.

Kwa sababu hiyo wabunifu wazoefu hawakai majini siku nzima. Wanazama saa moja, mbili, wakifunga mlango na kunyamazisha simu. Kisha wanatoka, wanabandika michoro ukutani, wanawaita wenzao waseme bila huruma. Kisha wanarudi. Ubaya wa simu ni kwamba inakuibua bila kukupa hata faida ya kuibuka. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kumaliza, mawazo yake hayahami yote. Mabaki yanabaki kwenye ile ya kwanza na kuiharibu ya pili. Ujumbe mmoja wa "Uko wapi?" unachukua sekunde tatu kuusoma. Kurudi pale ulipokuwa kunachukua muda mrefu zaidi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye simu, nikuambie jambo moja ambalo wanaotengeneza michezo yake wanalijua vizuri sana. Lengo wazi, jibu la papo hapo, ugumu unaopanda kidogo kidogo: hizo ndizo kanuni za mchezo mzuri wa kompyuta. Kwa hiyo unazama kwelikweli, wala mtu asikudanganye kwamba raha ile ni ya uongo. Kare mwenyewe ana mkono humo. Ndiye aliyechora karata za mchezo wa Solitaire uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na sidhani kama kuna ofisi iliyopona.

Lakini si kila kinachokushika kwenye skrini kinakuzamisha. Csikszentmihalyi alikuwa na njia ya kuwapima vijana kama wewe. Yeye na mwenzake Reed Larson waliwapa wanafunzi 75 wa sekondari moja ya eneo la Chicago peja, vile vidude vya kulia mfukoni vilivyotangulia simu za mkononi. Kwa wiki nzima peja zililia saa zisizotabirika, na kila ikilia mwanafunzi anajaza fomu: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Kitabu chao kilitoka mwaka 1984, mwaka ule ule wa Macintosh. Televisheni ilikula muda mwingi wa vijana wale, na walipokuwa mbele yake akili zao zilitulia kwa kusinzia, hazikukaza. Wakiwa kwenye michezo ya viwanjani, kwenye muziki, kwenye kazi za mikono walizozipenda, walikaza mawazo na bado walifurahi. Cha kuchekesha ni kwamba watu wengi wa wakati ule, wakiulizwa wanataka kupumzika vipi, wangechagua televisheni. Kuanza kazi inayojibu kunataka nguvu kidogo mwanzoni, na televisheni haitaki kitu.

Nguvu hiyo ya mwanzo ndiyo peke yake ninayoweza kukuomba. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Zungushia mstari miraba 32 kwa 32. Kama kurasa zako ni ndogo, 16 kwa 16 inatosha, na ni ngumu zaidi. Usianze na mnyama, wanyama wana miguu mingi. Chagua kitu kimoja cha jikoni kwenu: kinu na mchi, mbuzi ya nazi, birika. Kabla ya kuchora kishike, kigeuze, kitazame kutoka juu na kutoka ubavuni, uone ni upande upi unaokitambulisha. Mbuzi ya nazi ukiitazama kutoka nyuma ni ubao tu. Kutoka ubavuni ndipo chuma chake chenye meno kinapoonekana. Tumia penseli na uwe na kifutio. Kila ukijaza miraba kadhaa, liweke daftari mbali, ufumbe macho nusu, uone picha inasema nini ikiwa ndogo.

Ikifika mahali huwezi tena kuongeza mraba wala kuondoa, mwite mdogo wako. Usimwambie ni nini. Akisema "jogoo", usibishane naye; rudi kwenye miraba.